Lita za Bwana Sitini

Jumatatu, 6 Januari

Nimegawiwa shajara hii ofisini. Ina jalada gumu na karatasi nzuri, na mimi sina tabia ya kuacha karatasi nzuri ikae bure.

Leo kamati imeanza kazi. Mezani tuko wanne tu. Daktari ndiye mwenyekiti, mtu wa sauti ya chini ambaye hajawahi kukatiza maneno ya mwenzake. Mtakwimu ni mtaalamu wetu wa hesabu, anabana maneno utadhani yataisha. Mhandisi wa visima ni mzee wa kofia ya kitambaa ambayo haivui hata ndani ya nyumba. Wa nne ni mimi, mkemia wa maabara ya maji, na nimefanywa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kazi yetu ni kusema floridi iruhusiwe kiasi gani katika maji ya kunywa. Madini haya hutoka kwenye mawe chini ya ardhi. Yakiwa kidogo hulinda meno, yakizidi huyatia madoa ya kahawia, yakizidi sana kwa miaka mingi hukakamaza mifupa. Kiwango cha sasa ni miligramu tatu kwa lita, nasi tunataka kukishusha hadi mbili. Sahihi zinatiwa tarehe 18 Machi.

Tumemkaribisha na mgeni wetu wa siku zote, Bwana Sitini. Usimtafute mtaani, hayupo. Ni mtu wa kwenye karatasi: ana kilo sitini, anaishi miaka sabini, haugui, hasafiri, na kila siku ya Mungu anakunywa lita moja na nusu ya maji, haizidi haipungui. Hatari yote tunampimia yeye. Unachukua floridi iliyomo kwenye lita, unazidisha kwa lita anazokunywa, unagawanya kwa uzito wake. Jibu likiwa chini ya kiasi kinachodhuru, maji yamepita.

Hiyo lita moja na nusu ni yangu mimi. Ilitoka kwenye utafiti nilioufanya miaka mitatu iliyopita, kaya mia nne, mlango kwa mlango, na ndiyo iliyonipa meza ya dirishani. Leo Daktari ameitaja mbele ya wote: "Hizi ni takwimu zetu wenyewe, si za kuazima." Nikainamia daftari nisionekane ninavyofurahi.

Jumanne, 7 Januari

Joto. Feni ya maabara imekata roho saa nne asubuhi.

Alhamisi, 9 Januari

Jamani, Mhandisi ana kichwa kigumu! Saa nzima tumebishana.

"Mama Maabara," ananiambia, "wewe ukishusha namba kwenye karatasi, mimi huko nje nafunga kisima. Nikifunga kisima, watu wanarudi dimbwini. Sijawahi kuona mtoto aliyezikwa kwa meno ya kahawia. Waliozikwa kwa kuhara nimewaona."

Nikamwambia tunashuka hadi mbili tu, visima vitakavyoanguka ni vinne. "Leo vinne," akasema. Akafungua moja ya yale madaftari yake ya jalada jeusi anayotembea nayo kwapani, akaandika kitu, akalifunga. Katika kumbukumbu za kikao nimeandika "Mhandisi alitoa angalizo." Moyoni nimemwandika jina jingine.

Jumapili, 12 Januari

Nimeshinda kwa Dada. Pale kwake hukai dakika tano kabla hujapelekwa kisimani, hata kama kisima chenyewe unakijua kuliko nyumba yako. Miaka kumi sasa tangu kifunguliwe. Kabla ya hapo mtaa wote ulichota dimbwini pamoja na ng'ombe. Dada ndiye aliyezunguka ofisi hadi ofisi mpaka wakachoka kumwona, ndiye aliyepanga foleni ya kwanza, na hadi leo ndiye msimamizi. Pampu, tangi, mita, bomba nne, na uwanja unafagiwa mara mbili kwa siku. Kwenye ukuta wa kibanda cha pampu ametundika, ndani ya fremu ya kioo, cheti cha maabara: floridi miligramu 1.8, maji yanafaa kwa kunywa. Chini yake sahihi yangu. Wageni wote lazima wakisome.

"Dimbwi lilinichukulia mtoto," huwaambia, "hiki hakijanichukulia hata mmoja." Na ni kweli.

Binti yake mkubwa ana miaka kumi na miwili. Tunamwita Karani, kwa sababu tangu darasa la pili ndiye anayeandika kila kitu cha nyumba ile, kuanzia barua za bibi hadi siku kuku alipoanza kulalia. Karani akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia, na kila nikienda namletea dawa ya meno. Leo nimemletea kubwa, ya familia.

"Usipoteze hela zako, mdogo wangu," akasema Dada. "Huyu ni mvivu tu. Nikimsugua mwenyewe kwa mkaa kidogo yanapungua, nikimwachia yanarudi."

Karani aliniambia asante Mama mdogo, akaipeleka dawa dirishani mwa bafu, kwenye kopo la mkaa. Hakucheka tena mchana kutwa.

Mdogo wake, Bonge, ana miezi ishirini na mashavu ya kutosha watoto wawili. Alinishika goti akanywa maji yangu yote kwenye glasi, kisha akanirudishia glasi kwa heshima.

Jumanne, 14 Januari

Feni bado. Fundi amesema kesho. Fundi huyu kesho zake nazijua.

Jumatatu, 20 Januari

Nimeshinda nikiandika sura ya meno kwa ajili ya ripoti. Ni mambo ambayo nimewafundisha wanafunzi wa mazoezi mwaka hadi mwaka: jino la ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijatoka, na doa la floridi huingia humohumo linapotengenezwa. Kwa meno ya mbele, wakati mbaya kabisa ni kati ya miezi kumi na mitano na thelathini. Likishatoka na doa, mswaki haulifikii.

Hapo kalamu ikasimama. Kisima kilipofunguliwa, Karani alikuwa na miaka miwili.

Nimekaa nikaiangalia sentensi yangu. Kumbe ninayajua haya yote, na bado miaka mitano nzima nampelekea yule mtoto dawa ya meno! Na sababu naijua pia. Kisima kina 1.8, na kwa hesabu ya Bwana Sitini 1.8 haitii doa. Hesabu ikiwa sawa, mdomo wa mtoto ukiwa na doa, mimi nikaona mwenye makosa ni mtoto.

Labda ni kitu kingine. Nitaangalia.

Alhamisi, 23 Januari

Kwa mchezo tu nimeweka alama ya kalamu kwenye kopo langu la maji na kuhesabu. Hadi saa tisa alasiri nilikuwa nimeshakunywa lita tatu kasoro kidogo, chai ikiwemo, na mimi siku nzima nimekaa kitini. Nikacheka peke yangu, nikajiambia Bwana Sitini ana bahati, haoni jua. Halafu kicheko kikanikauka.

Ijumaa, 24 Januari

Nimeyashusha maboksi ya utafiti kutoka juu ya kabati. Fomu mia nne. Nilianza kusoma tarehe kwenye kona ya juu. Tarehe 14 Aprili. 22 Aprili. 9 Mei. Zote ni za masika, haikukosekana hata moja. Fomu nyingine bado zina tope la vidole.

Nakumbuka vizuri. Nilipewa wanafunzi wa chuo wanisaidie kuuliza, na wanafunzi walikuwa likizo miezi hiyo tu. Tulitembea na mabuti na miavuli. Watu walitukaribisha ndani, baridi imewapiga, kila paa linatiririsha maji ya mvua kwenye ndoo. Tukawauliza, kwa siku mnakunywa maji ya kisima kiasi gani? Wakajibu kweli tupu. Chai nilihesabu, uji nilihesabu, hata maji ya kumezea dawa nilihesabu. Sikuwa mzembe. Nilisahau jua tu.

Jumapili, 2 Februari

Nimelala kwa Dada tangu juzi. Nimekuja na jagi la maabara lenye mistari, nikamwambia ni kazi za ofisi. "Ofisi yenu sasa inahesabu hata mafunda?" akauliza, na akaniacha niendelee. Jana kila kilichoingia mdomoni kimepitia kwenye jagi langu: maji, chai, uji, hata alichokunywa Bonge kwa kujificha nyuma ya mlango. Jua lilikuwa kali, mbwa hakuondoka chini ya kitanda.

Dada: lita tatu na nusu. Karani: mbili na robo tatu. Bonge: moja na robo, pungufu kijiko.

Asubuhi nimempeleka Bonge zahanati kumpima uzito, kilo kumi na moja. Nikapiga hesabu pale pale kwenye benchi. Kwa kila kilo ya mwili wake, Bonge anapata floridi zaidi ya mara nne ya anayopata Bwana Sitini kutoka kisima hichohicho. Mara nne! Na yuko katikati ya miezi ile mibaya. Meno yatakayomtoka akiwa darasa la kwanza yanatengenezwa sasa hivi, huku akinyoosha kikombe aongezewe.

Dada alinisindikiza hadi njia panda. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikazungumzia bei ya sabuni.

Jumanne, 4 Februari

Sijasema.

Alhamisi, 6 Februari

Kikao cha tatu. Mtakwimu alisoma: "Unywaji, lita moja na nusu kwa siku. Kuna pingamizi?" Hata kusogeza glasi niliogopa. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, huo unaosomeka: hakuna pingamizi.

Nimejitetea njia nzima kurudi nyumbani. Nikiwaambia namba ni mbovu, kiwango kitashuka hadi moja, na kisima cha Dada kitaanguka. Dada aliyemzika mtoto kwa maji ya dimbwi nitamwambia nini? Na meza ya dirishani, acha niseme ukweli humu angalau, nayo niliifikiria.

Jumanne, 11 Februari

Bonge ametimiza miezi ishirini na mmoja leo.

Alhamisi, 13 Februari

Leo nina mengi.

Mhandisi amekuja maabara bila hodi, kofia kichwani, madaftari kwapani. Nilidhani amekuja kuendeleza vita. Kumbe amekuja kushtaki watu wa visimani kwangu.

"Andika kwenye ripoti yako, Mama Maabara. Watu hawa wanachezea maji. Tazama." Akanifungulia. Kila mwezi kwa miaka kumi amesoma mita ya kila kisima na kuandika kwa mkono. Akanipitishia kidole: kisima cha Dada, Aprili kiasi hiki, Februari mara mbili. Mwaka uliofuata vilevile. Kila kisima vilevile. "Mtu ni yuleyule, ndoo ni ileile. Kiangazi wanamwaga wapi? Nimewaita kwenye mikutano, nimewafokea, nimewaambia ni wavivu wa kufunga bomba. Hawasikii."

Nikavuta droo nikamtolea jagi na karatasi yangu ya tarehe mosi. Aliisoma mara mbili. Akaangalia daftari lake, akaangalia jagi.

"Kumbe wana kiu," akasema.

Akakaa. Akaongeza, "Si kunywa tu, najua, na kuoga kumo. Lakini miaka kumi nimewatukana watu, Mama Maabara. Miaka kumi! Kumbe wana kiu."

Nikamweleza yote. Masika, wanafunzi wa likizo, fomu za tope, Bonge. Sikuwahi kufikiri mtu wa kwanza kumwambia atakuwa yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunibeza hata kidogo.

"Utasema kwenye kikao?"

"Kisima cha dada yangu kitaanguka."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekichimba. Siku yanatoka maji, dada yako alinikumbatia mbele ya watu mpaka kofia ikaanguka." Akainuka. "Sitaki kifungwe. Lakini hilo ni suala la pili. La kwanza ni la mtoto anayekunywa sasa hivi."

Ameniachia madaftari yote kumi niyatumie. Nilikuwa nikimwona mtu wa kung'ang'ania tu. Nimeona haya.

Jumapili, 16 Februari

Nilibeba dumu la lita ishirini la maji ya mjini, ambayo floridi yake ni kidogo. Nilimkuta Dada anafagia uwanja wa kisima.

"Dada, naomba tukae kidogo."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kaa basi."

Tukakaa kwenye ngazi ya kibanda cha pampu, cheti kikiwa juu ya vichwa vyetu. Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno laini lakini yote yakanikimbia. Nikasema maji haya yanawatia watoto madoa ya meno. Nikasema Karani yalimpata akiwa mdogo, na Bonge yanampata sasa.

"Maji yangu?"

"Ndiyo."

"Uliyapima wewe. Karatasi hii hapa umetia sahihi wewe. Nimeiweka kwenye kioo."

"Nilichopima kwenye maji ni sahihi. Nilikosea upande wa watu. Nilidhani mnakunywa kidogo."

"Nani alikwambia tunakunywa kidogo?"

"Ninyi. Nilikuja kuwauliza wakati wa mvua."

Dada akikasirika hupaza sauti mpaka mtaa wa pili. Leo sauti ilishuka. "Yaani mdogo wangu umesoma miaka yote ile, halafu unakuja kumuuliza mtu kiu yake siku ya mvua?"

Ndivyo nilivyofanya.

Hapo ndipo nikamwona Karani. Alikuwa kwenye kona ya kibanda na Bonge mgongoni, na sijui alianza kusikiliza lini.

"Kwa hiyo si uchafu?" akauliza.

Dada akaokota fagio lake. Karani akanigeukia mimi. "Mama mdogo, si uchafu?"

"Si uchafu. Haujawahi kuwa uchafu."

"Na mkaa?"

"Mkaa haufiki. Doa liko ndani ya jino lenyewe."

"Na dawa ya meno?"

"Hata dawa ya meno."

"Lakini wewe ulikuwa unaniletea."

Nimeulizwa maswali na maprofesa kwenye kumbi kubwa, sijawahi kushindwa hivi. Nikamwambia nilikosea, nisamehe mwanangu. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akamfunga Bonge vizuri mgongoni, akaondoka.

Dada alikuwa ameshika fagio kwa mikono miwili. "Nenda, mdogo wangu," akasema. "Nenda kabla sijatoa neno nikashindwa kulirudisha."

Nililiacha dumu getini. "Haya ni ya Bonge. Ya kunywa na ya uji tu. Kuchemsha hakusaidii, madini hayafi kwa moto." Nilikuwa nasema na mgongo wake.

Nimelia njiani na sikujali nani ananiona.

Jumatano, 19 Februari

Joto. Sina hamu ya kuandika.

Jumapili, 23 Februari

Nilienda na dumu jingine. Nyumba kimya, mlango umerudishiwa. Lakini getini nilikuta lile la wiki iliyopita. Liko tupu, limeoshwa hadi mfuniko, limepinduliwa likauke. Nikaweka jipya, nikabeba tupu, nikaondoka. Sikubisha hodi.

Jumapili, 2 Machi

Dumu tupu, limeoshwa. Nimebadilisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimesema.

Mtakwimu alipofika kwenye unywaji, nikainua mkono kabla hajauliza kuhusu pingamizi. Nikasema namba hiyo ni yangu na ni mbovu. Nikaweka mezani fomu za tope, jagi, karatasi ya Dada na wanawe, na madaftari kumi ya Mhandisi.

Mtakwimu alikasirika, na ana haki, amejenga hesabu za miezi miwili juu ya namba yangu. "Kaya moja na jagi moja si utafiti," akasema. Kweli. Lakini akavuta madaftari ya mita, akaanza kujumlisha kwa penseli. Baada ya robo saa akasema, bila kuinua kichwa, "Kiangazi ni lita tatu. Labda zaidi."

Daktari aliniuliza jambo moja tu: "Ulijua lini?"

"Tangu tarehe 24 Januari."

"Na tarehe 6 Februari uliandika hakuna pingamizi."

"Niliandika."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hakunifokea, na ningefurahi kama angenifokea.

Halafu likaja lile alilolisema Mhandisi tangu Januari. Kwa lita tatu, kiwango kinashuka hadi miligramu moja, na visima vinavyoanguka si vinne tena, ni kumi na saba. Kumi na saba ukivifunga leo, kesho watu wako dimbwini. Nilidhani Mhandisi atasimama pale pale. Yeye akasema, "Tusifunge hata kimoja. Doa halimpati mtu mzima, linampata mtoto meno yakitengenezwa. Mtu mzima kinachomtishia ni mifupa, na kwa visima hivi hiyo ni habari ya miaka mingi. Muda wa kurekebisha tunao. Kisima kibaki cha kufulia, kuogea, na cha wakubwa kwa sasa. Mtoto chini ya miaka minane apate maji mengine. Nipeni matangi ya mvua, niyaweke penye kila kisima kabla ya masika. Kiangazi yakikauka tutaleta kwa gari. Taratibu tutachanganya maji mpaka kiwango kifike moja."

Wamebishana hadi saa kumi. Mwishowe Daktari akasema kuna jambo jingine. Haoni kwa nini meno ya mtoto yapimiwe mtu wa kilo sitini. Kuanzia sasa, kwa floridi, mnywaji wa mfano awe mtoto wa kilo kumi, wakati wa kiangazi.

Basi Bwana Sitini amestaafu. Hakuna aliyemuaga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepewa barua ya onyo. Wameiandika kwa lugha nzuri. Meza ya dirishani nimehamishwa, sasa niko karibu na sinki. Kuna upepo kidogo huku, afadhali.

Jumapili, 9 Machi

Dumu tupu, limeoshwa. Kwenye mpini pamefungwa kipande cha karatasi, mwandiko wa Karani: *Lita 20 hazikutosha, na watoto wa jirani wanakunywa. Ziliisha Ijumaa.* Nitaleta mawili.

Jumanne, 11 Machi

Miezi ishirini na miwili.

Jumanne, 18 Machi

Tumetia sahihi. Kiwango kipya ni miligramu moja. Kisima cha Dada ni nambari kumi na moja kwenye orodha ya vile kumi na saba. Mhandisi alivua kofia kutia sahihi. Ana kipara, ndiyo siri yote.

Wingu limekaa magharibi tangu mchana, halisogei.

Jumapili, 23 Machi

Madumu mawili tupu, yameoshwa. Kando ya kibanda cha pampu kuna tangi jeusi jipya na mfereji kutoka paani. Mhandisi hakungoja fungu la fedha lipite, ameanza na kisima alipokumbatiwa. Tangi halina kitu bado. Mtu ameshafagia kulizunguka.

Jumatano, 26 Machi

Mvua! Saa nane mchana. Maabara nzima tulitoka nje tukalowana kama watoto, hata Mtakwimu.

Jumapili, 30 Machi

Leo mlango ulikuwa wazi.

Dada alikuwa kwenye ngazi ya kibanda. Hakuinuka, ila alisogea, kwa hiyo nikakaa. Tukaangalia maji yakishuka kwenye mfereji. Nikaona cheti hakipo ukutani. Fremu bado ipo, ndani imewekwa karatasi nyingine, mwandiko mzuri wa kujipanga: *Bomba: kufua, kuoga, wakubwa. Tangi: watoto.* Hakuna sahihi ya mtu yeyote.

"Wanaifuata?" nikauliza.

"Wasipoifuata wananikuta hapa."

Halafu akasema, macho yakiwa kwenye tangi, "Nilikuwa namsugua mpaka damu. Analia, namwambia usafi una gharama yake. Miaka mitano."

"Na mimi nilikuwa namletea dawa."

"Na wewe ulikuwa unamletea dawa," akasema. Akanishika mkono, kwa nguvu, hadi pete ikaniuma. "Nimemwomba msamaha. Ameniambia sawa. Yule mtoto hasemi zaidi ya sawa."

Nilienda kunawa bafuni. Dirishani hapakuwa na kopo la mkaa. Lilipokaa miaka yote hiyo pamebaki duara jeusi kwenye saruji, na mtu amejaribu kulisugua, halikutoka.

Karani alikuwa jikoni anamnywesha Bonge. Kikombe cha Bonge kina mistari ya kalamu ubavuni, imepimwa kwa jagi langu siku zile nilizolala pale Februari. Alimngoja amalize, akatazama mstari, akafungua daftari la shule lililochakaa, akaandika. Niliomba nione. Kila siku tangu tarehe 16 Februari, siku ileile niliyofukuzwa: asubuhi, mchana, jioni. Siku ya jua ameandika jua, siku ya wingu ameandika wingu. Tangu Jumatano ameanza kuandika mvua, na Bonge ameshuka hadi nusu lita. Kaya mia nne nilizunguka, na hilo sikuliandika hata mara moja.

"Meno yake yatakuwa meupe?" akaniuliza.

"Sijui. Miezi mingine ilishapita. Tutajua yatakapotoka, miaka mitano ijayo."

Akafikiri. "Basi nitaandika miaka mitano."

Bonge akaangusha kikombe kwa makusudi, maji yakamwagikia miguu yangu, na kiatu kimoja kikajaa. Karani akacheka. Mkono ulianza kupanda kuelekea mdomoni, ukafika kifuani, akaushusha akaendelea kucheka hivyohivyo, meno yote nje.

Niliponyanyua mfuko wangu kuondoka akanifuata hadi getini.

"Mama mdogo, usiniletee tena dawa ya meno. Ile kubwa ninayo bado."

"Nikuletee nini basi?"

"Daftari. Hili limebaki kurasa nne."

Nimeandika hapa nisisahau: daftari la kurasa mia mbili, jalada gumu. Mawili.